Nilimpigia Penina Mara Mbili

Siku ya kwanza tu alipoingia karakanani kwetu, Penina Masatu alitupa majina sisi sote. Majina ya mikono, kwa sababu yeye ni kiziwi. Surua ilimpata akiwa na miaka mitatu ikaondoka na masikio yake. Baba yangu mdogo Hamduni, mwenye karakana, akawa vidole viwili vinavyokata hewa kama mkasi. Mzee Stanslaus, fundi wa suruali, akawa uso uliokunjwa, maana yule mzee hata arusini hacheki. Mimi Najat, msimamizi, alinitazama asubuhi nzima, kisha akaweka kidole gumba sikioni na kidole cha mwisho mdomoni. Simu. Mafundi wakaangua kicheko na mimi nikacheka nao, kwa kuwa kweli simu hainitoki sikioni. Hata kugombana na mume wangu nagombana kwa simu.

Naandika habari zake kwa sababu kuna jambo nilimtendea. Nimejaribu mara nyingi kulisimulia kwa namna itakayoniacha mimi mtu mzuri, nikashindwa. Basi nalisimulia lilivyo.

Karakana yetu iko Kabasa, hapa Bunda mjini. Tunashona sare za shule. Vyerehani saba, mafundi saba, na mimi wa kupima watoto, kuandika oda na kugomba. Penina alikuja mwaka 2018 akitokea kwao Murangi, ana cheti cha ushonaji alichokipata Musoma na gauni moja la shule alilolishona mwenyewe. Mimi nilimkataa. Hilo nalo lijulikane.

"Ba'mdogo, huyu nitamwelekeza vipi?" nilimuuliza. "Nitakuwa namchorea picha ukutani?"

Ba'mdogo aligeuza lile gauni ndani nje, maana yeye nguo huitazama kwanza upande usioonekana, akapitisha kucha kwenye mshono kuanzia kwapani mpaka kwenye pindo. "Wewe Najat unaongea maneno ya watu saba," akasema. "Tukipata mmoja asiyekusikia, labda kazi itaenda." Akampa cherehani namba nne, ile ya karibu na dirisha.

Mwaka haukuisha nikawa nimeona aibu. Penina alikuwa anaweka kiganja juu ya meza ndefu ya vyerehani, anafumba macho kidogo, kisha ananyoosha kidole: ile ya pili inataka mafuta, ile ya sita sindano imepinda. Sisi wenye masikio tulikuwa tunasubiri mpaka uzi ukatike. Midomo alikuwa anaisoma vizuri ukimtazama. Ukiongea umegeukia pembeni, alikuwa anakuja anakushika kidevu na kukigeuza, bila kujali wewe ni nani. Kuna mwalimu mkuu mmoja alishikwa kidevu mbele ya wazazi na akamaliza maelezo ya oda yake amenyooka kama anapigwa picha.

Aliponunua simu yake ya kwanza, kwa mshahara wake, alichukua ya kwangu mkononi bila kuomba, akaandika namba yake, akaandika na jina mwenyewe. Kwa herufi kubwa: PENINA USIPIGE ANDIKA. Akanirudishia na kunitikisia kidole kama mama anayemwonya mtoto. Tangu siku hiyo nikitaka aje mapema namwandikia, naye anakuja. Hajawahi kukosa.

Ikaja korona. Machi 2020 shule zikafungwa, na sisi tunaoishi kwa kola na mifuko ya watoto wa shule tukafungwa nazo. Tulishona barakoa kwa mabaki ya kaki na tetroni nyeupe. Barakoa zilimtesa Penina kuliko mtu yeyote, maana midomo yote ilipotea. Akawa anakufuata, anazishusha kwa kidole kimoja ili akuone unasema nini, wateja wanaruka kama wamepandwa na siafu. Tulicheka, lakini yeye alikuwa amebaki peke yake humo ndani, na hilo nililiona baadaye sana.

Mwezi wa tano hata barakoa zilikuwa hazitoki. Ba'mdogo akatukusanya, akavua ya kwake kwa ajili ya Penina, akasema: "Nendeni nyumbani. Sijamfukuza mtu. Kazi ikirudi Najat atawapigia, kila mtu atarudi kwenye cherehani yake." Penina alinitazama akafanya lile jina langu, kidole sikioni, kidole mdomoni, akainua nyusi kuuliza. Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo, mimi.

Katikati ya mwezi wa sita ikatangazwa kwamba shule zote zinafunguliwa. Asubuhi ya Jumatatu ba'mdogo akaniambia, "Wapigie." Mimi nilikuwa na jambo langu moyoni. Dada yangu wa Butiama alikuwa ananililia kila siku. Binti yake, Kijakazi, alikuwa mhudumu katika hoteli ya watalii upande wa hifadhi. Watalii walipokoma kuja hoteli ikawarudisha watu makwao. "Yuko hapa amelala tu," dada alikuwa anasema. "Na wewe una karakana nzima." Karakana si yangu, lakini damu ni nzito kuliko maji, na Kijakazi alijua kushona kidogo.

Ningeweza kumwomba ba'mdogo waziwazi. Angeniuliza, akae wapi? Nilijua swali hilo linakuja, nikalitafutia jibu mapema.

Nikaketi kwenye meza ya kukatia, ba'mdogo yuko hatua tatu kutoka kwangu amepiga magoti anafungua robota la kitambaa. Nikawapigia watano, wakapokea. Stanslaus alikuwa ameshajileta mwenyewe, yuko kwenye cherehani yake. Kisha nikalitafuta jina la Penina. Likatokea kwenye kioo na herufi zake kubwa, nikalisoma lote, nikapiga. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, nikaiweka sikioni nikangoja kama mtu anayengoja kweli. Ikakata.

"Penina nimempigia mara mbili," nikasema kwa sauti, "hapokei."

"Hapokei?" ba'mdogo akasema kutoka ndani ya robota. "Basi labda kapata kazi huko kwao. Tafuta mwingine."

Stanslaus aliacha kukanyaga. Nilihisi ananitazama, sikugeuka. Halafu cherehani yake ikaanza tena, na mimi nikasema, "Ninaye."

Sikumwandikia ujumbe kwa sababu ningemwandikia angekuja. Nilimpigia kiziwi simu ili niweze kuapa kwamba nilimpigia. Hicho ndicho nilichokifanya, hakina jina lingine.

Jumatano, kabla ya saa nne, Penina akaingia mlangoni.

Ba'mdogo alikuwa amekwenda Musoma kufuata kitambaa. Penina alikuwa amevaa gauni lake jipya la kitenge, viatu vina vumbi la njia nzima ya Murangi, anatabasamu mpaka gego la mwisho. Akanifanyia jina langu, kidole sikioni, kidole mdomoni, akajigonga kifuani: umenipigia, nimekuja. Halafu akamwona Kijakazi kwenye namba nne.

Nilichukua kikaratasi cha vipimo nikaandika nyuma yake: *Samahani. Nilikosea namba. Nafasi imejaa.* Akasoma. Akanitazama usoni muda mrefu, nami nikashughulika na chaki. Alikwenda kwenye namba nne, akavuta droo, akatoa mkasi wake mdogo aliouacha mwezi wa tano. Kabla ya kuondoka akaweka kiganja juu ya meza, kisha akamgusa Kijakazi bega na kumwonyesha kikopo cha mafuta. Kijakazi hakuelewa. Mimi nilielewa, na kweli ilikuwa inataka mafuta. Mafundi wote waliona, kila mmoja akainamia cherehani yake.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikwenda miaka mitatu na nusu, na kila hatua nilikuwa naisikia.

Kijakazi alikaa miezi kumi na mmoja. Hoteli ilipomwita hakumaliza hata pindo la sketi iliyokuwa mkononi. Simlaumu, alikuwa anangoja simu yake kama Penina alivyongoja ya kwake, tofauti ni kwamba yake ilikuwa ya kweli. Baada yake akaja kijana mmoja wa Musoma, akakaa msimu mmoja akafungua kibanda chake. Akaja mwingine, akaolewa. Mwingine alilalamika dirisha linamtia mafua. Mpaka mwaka 2023 unaisha walikuwa wamekalia namba nne watu tisa. Ba'mdogo akaanza kusema cherehani ile ina jini, akataka kumwita shehe aisomee. Mimi nilikuwa najua haina jini. Mara nne niliandika ujumbe, *Penina njoo*, mara nne nikaufuta, kwa sababu baada ya neno hilo ilinibidi niandike na lingine.

Desemba hiyo akaja mama mmoja anaitwa Debora, wa shirika linalowagawia watoto sare. Oda yake ilikuwa kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Alikuwa na fomu. Akauliza mafundi wetu hukaa kazini muda gani, ba'mdogo akanitazama, mimi nikatazama dari. Akauliza kama tunaye fundi mwenye ulemavu, maana shirika lao linataka karakana inayowapa kazi watu wote.

"Tunaye, Penina," ba'mdogo akajibu bila kupepesa. "Fundi hasa. Amekwenda kwao kidogo, Najat anakwenda kumleta."

Debora alipotoka ba'mdogo akaniambia niende kesho yake. "Usihangaike na simu," akasema. "Yule hapokeagi." Yaani aliyaamini maneno yangu mpaka yakawa tabia ya Penina.

Nilifika Murangi saa tano. Nyumba yao iko jirani na ziwa, na mama yake Penina alikuwa uani anageuza dagaa waliotandazwa juu ya neti. Nikamwamkia, nikamwambia natoka Bunda, karakana ya Mzee Hamduni. Akaacha dagaa. Akaweka kidole sikioni na kidole mdomoni, vina magamba ya samaki.

"Ndiyo wewe huyu?" akauliza. "Wa simu?"

"Ndiye mimi, mama."

Akanishika mikono yote miwili. Akaniketisha kwenye kiti, akaniletea maji, akaita kwa kupiga mguu chini mara mbili, na Penina akatoka ndani na futi ya kupimia shingoni. Alikuwa amenenepa kidogo. Aliponiona alisimama, hakutabasamu, hakukunja uso. Akaja akasimama karibu na mama yake, pale anapoweza kuona mdomo wangu.

"Mimi nimekuwaga nataka nikuone nikushukuru," mama akasema. "Huyu tangu anunue simu hakuna mtu amewahi kumpigia. Nani ampigie? Wenzake wote wanapigiwaga, yeye anaangaliaga tu. Siku ile alikuwa anapepeta mahindi hapa, simu ikamtetemeka kiunoni. Akaruka! Nilifikiri nyoka. Akaitoa, anaiangalia, ikatetemeka tena. Akanionyesha jina lako. Akaenda nyumba ile, na ile, na ile ya mwalimu, anawaonyesha wote: wamenipigia. Najua hasikii, na yeye anajua. Lakini alipigiwa kama watu."

Nikakiweka chini kile kikombe cha maji, sikuwa nimekunywa.

"Sasa kosa lake ni lile la kufua," mama akaendelea. "Badala ya kwenda Jumanne, akafua gauni, akangoja likauke, siku ikapotea. Akaenda Jumatano akakuta nafasi imechukuliwa. Alirudi akanionyesha hivyo mwenyewe, kwamba amechelewa. Kwa ajili ya gauni! Nimemgombezaga mpaka mwaka huu. Nilikuwa namwambiaga, mwenzako alikupigia mara mbili, wewe unafua."

Nikamtazama Penina. Alikuwa anatazama mdomo wa mama yake, anajua kila neno linalosemwa. Kwa hiyo kile kikaratasi changu hakukionyesha. Alipofika nyumbani kwao, baada ya majirani wote kuiona ile simu, aliona afadhali aitwe mzembe kuliko kusema kwamba hakuna aliyempigia. Miaka mitatu na nusu mama yake anamgombeza kwa kosa langu, na yeye anainamisha kichwa. Ningetukanwa pale ningeshukuru. Kushukuriwa ndiko kulikonimaliza.

Niliinua uso, nikaongea polepole, ili mmoja asikie na mwingine aone.

"Hakuchelewa, mama."

"Eeh?"

"Hakuchelewa. Hata angekuja Jumatatu ileile nafasi isingekuwepo. Nilikuwa nimeshampa mtoto wa dada yangu. Nilimpigia kwa sababu najua hasikii. Ningemwandikia angekuja. Nilipiga mbele ya ba'mdogo, nikamwambia, Penina nimempigia mara mbili, hapokei. Ba'mdogo akaamini. Penina alipokuja nikamwandikia kwamba nilikosea namba. Sikukosea. Jina lake lilikuwa mbele ya macho yangu."

Mama aligeuka akamtazama binti yake, na mikono yake yenye magamba ikaanza kumwuliza kitu, ikaishia katikati. Penina akamjibu kwa ishara moja fupi tu. Sijui maana yake, ni lugha yao wawili. Mama akajifuta macho kwa ubavu wa mkono.

Nikamalizia lililonileta, maana hata hapo nilikuwa bado nimetumwa. Nikasema kuna oda kubwa, cherehani namba nne ipo, ba'mdogo anamtaka. Nikasema samahani. Neno lenyewe lilitoka dogo, na sikuwa na kubwa zaidi.

Penina akaingia ndani. Kupitia mlangoni niliona cherehani ya kukanyaga, na ukutani zimetundikwa sare za shule ya pale pale Murangi, mishono yake naijua hata nikiwa mbali. Akarudi na simu. Akaiweka juu ya kigoda, katikati yetu. Akanifanyia jina langu, kidole sikioni, kidole mdomoni, kisha akanionyesha mkoba wangu.

"Anasema mpigie," mama akasema.

Nikadhani sijaelewa. Mama akarudia. Nikatoa simu yangu. Jina lilikuwa palepale, herufi kubwa zilezile alizoziandika kwa mkono wake, sikuwahi kulifuta wala kulibadilisha. Nikapiga. Simu yake ikaanza kutetemeka juu ya kigoda, inasogea kidogokidogo. Tukaitazama watatu. Penina alikuwa amekunja mikono. Ikatetemeka, ikatetemeka, ikakata.

Akainua kidole kimoja. Tena.

Nikapiga tena. Ikasogea mpaka ukingoni mwa kigoda, na yeye akaizuia isianguke kwa kidole, kama anavyozuia kitambaa kwenye sindano. Hakuipokea. Ikakata. Akaichukua, akaifutia vumbi, akaifunga kiunoni. Halafu akaongea na mama yake kwa mikono, taratibu, na mama akasita kabla ya kunitafsiria.

"Anasema ukamwambie Mzee Hamduni umempigia mara mbili, hapokei."

Akanipa mkono wa kwaheri kama mtu yeyote. Akarudi kwenye cherehani yake, na nilipokuwa nafika barabarani niliisikia inakwenda.

Nilifika Bunda saa kumi. Ba'mdogo alikuwa mlangoni, amefungua droo ya namba nne, ameifuta vumbi, ameweka na uzi mpya. Mafundi wote walikuwa kwenye kazi.

"Yuko wapi?"

"Haji, ba'mdogo."

"Anasemaje?"

"Nimempigia mara mbili," nikasema. "Hapokei."

"Umempigia? Si nilikutuma uende mwenyewe?"

"Nimekwenda. Nimempigia akiwa mbele yangu."

Ba'mdogo alinitazama kama mtu aliyeshikwa kidevu akageuzwa. "Mbele yako? Sasa Najat," akasema, "Penina si hasikii?"

Stanslaus akaacha kukanyaga. Na wa pembeni yake akaacha, na mwingine, mpaka vyote sita vikanyamaza. Swali hilo nililiogopa tangu 2020, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Hasikii, ba'mdogo," nikasema. "Hata siku ile alikuwa hasikii."